Tarishi wa Maktaba: Seva ya Proksi na Namna ya Kutafuta Hitilafu Zake

Saa tatu usiku, mwalimu wa biolojia katika mji mdogo wa nyanda za juu ameketi mbele ya kompyuta yake. Mchana alifundisha vipindi sita. Usiku huu yeye ni mwanafunzi, kwa kuwa amejiandikisha katika chuo kikuu cha mbali kusomea shahada ya uzamili huku akiendelea na kazi. Kesho kutwa anatakiwa kukabidhi insha juu ya usugu wa vimelea vya malaria kwa dawa, na makala moja katika jarida la kigeni ndiyo anayoihitaji kuliko nyingine zote. Wiki mbili zilizopita, alipokuwa chuoni, aliifungua makala hiyo bila kuulizwa neno. Usiku huu ukurasa wa muhtasari unafunguka vizuri, tena jina la chuo chake limeandikwa juu yake. Lakini kila akibonyeza neno la kupakua, anapelekwa kwenye ukurasa mwingine unaomtaka alipe kwa dola za Kimarekani.

Asubuhi anapiga simu maktaba. Mkutubi anaifungua makala ile ile papo hapo, naye anajibu kwa upole: “Mwalimu, mbona hapa kwetu inafunguka?”

Mfano huu umebuniwa, ila wakutubi wengi wa vyuo vikuu watautambua. Mwalimu hakukosea neno lake la siri, chuo hakijaacha kulipa ada ya jarida, na mkutubi hasemi uongo. Kila mmoja ameona ukweli wa pale alipo. Hitilafu imejificha katikati yao, ndani ya chombo ambacho watumiaji wengi hawajui hata kwamba kipo. Chombo hicho huitwa seva ya proksi, na makala haya yanaeleza jinsi kinavyofanya kazi, kwa nini hukwama, na jinsi mtu mwenye fikra za kisayansi awezavyo kuitafuta hitilafu yake hatua kwa hatua.

Nyumba hutambuliwa kabla ya mtu

Kila kompyuta inayozungumza na nyingine katika intaneti hutumia anwani ya namba. Katika mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, anwani ni mafungu manne ya namba, kila moja kati ya 0 na 255. Kwa mfano 192.0.2.15. Kila fungu hubeba biti 8, kwa hiyo anwani nzima ina biti 32. Mwanafunzi wa hisabati atatambua mara moja kwamba jumla ya anwani zote zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Idadi hiyo ilionekana kubwa mno zamani. Leo haitoshi, ndiyo maana umebuniwa mfumo mpya wenye anwani za biti 128.

Majarida ya kitaaluma yalipoanza kuhamia kwenye intaneti katika miaka ya 1990, wachapishaji walikabiliwa na swali gumu: watajuaje kwamba msomaji aliyefika ni wa chuo kilicholipa? Kumpa kila mwanafunzi neno la siri kwa kila jarida kungeleta vurugu isiyo na mwisho. Wakachagua njia nyepesi. Chuo humpelekea mchapishaji orodha ya anwani zake za intaneti, na ombi lolote litokalo katika anwani hizo huruhusiwa kupita. Kwa maneno mengine, mchapishaji haulizi “Wewe ni nani?” bali huuliza “Umetoka nyumba gani?”

Njia hiyo ni rahisi na humtunzia msomaji siri yake, kwani mchapishaji hajui ni mwanafunzi yupi aliyesoma makala ipi. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kubwa. Mwanafunzi akitoka nje ya lango la chuo na kutumia intaneti ya simu, ombi lake hutoka katika anwani ya kampuni ya simu. Kwa mchapishaji, mwanafunzi huyo ni mpita njia asiyejulikana. Wanaoumia zaidi ni wale wanaosoma kwa masafa, waliopelekwa mazoezini vijijini, walio wagonjwa, na walimu wanaojiendeleza wakiwa vituoni mwao.

Tarishi avaaye sare ya chuo

Dawa ya kasoro hiyo ni kumtumia wakala. Zamani, mkuu wa ofisi hakwenda mwenyewe kuchukua faili katika ofisi nyingine, alimtuma tarishi. Tarishi alijulikana kwa sare yake, akapita malangoni, akachukua faili, akairudisha mezani kwa aliyemtuma. Seva ya proksi ni tarishi wa namna hiyo. Ni kompyuta iliyosimama chuoni, au mahali pengine kwa niaba ya chuo, yenye anwani iliyomo katika orodha ya mchapishaji. Mwanafunzi aliye mbali huingia kwanza kwa tarishi kwa jina na neno lake la siri. Tarishi akisharidhika kwamba huyu ni wa chuo, humwendea mchapishaji kwa anwani yake mwenyewe, hupokea ukurasa, kisha humpa mwanafunzi. Mchapishaji huona anwani ya chuo tu.

Katika miaka ya mwanzo wa teknolojia hii msomaji alilazimika kubadili mipangilio ya kivinjari chake ili maombi yake yapitie kwa wakala, kazi iliyowashinda wengi. Mwaka 1999 mkutubi wa Marekani, Chris Zagar, aliyefanya kazi katika chuo kimoja cha jimbo la Arizona, alitoa programu iitwayo EZproxy iliyoondoa usumbufu huo. Mwaka 2008 programu hiyo ilichukuliwa na OCLC, ushirika wa maktaba wenye makao yake katika jimbo la Ohio, nayo ikaenea katika maktaba za nchi nyingi.

Ujanja wake ni kuyaandika upya majina ya tovuti. Tuseme jarida linapatikana katika anwani ya mfano www.jarida.example, na tarishi wa chuo anaitwa proksi.chuo.example. Mwanafunzi anapopitia kwa tarishi, kivinjari chake hakimwonyeshi jina la jarida lenyewe, bali huonyesha www-jarida-example.proksi.chuo.example. Kwa macho ya kivinjari, ukurasa wote umetoka chuoni. Kila kiungo kilichomo ndani ya ukurasa nacho huandikwa upya kwa namna hiyo hiyo, ili mwanafunzi akibonyeza popote, ombi lake lirudi kwa tarishi na lisiende moja kwa moja kwa mchapishaji.

Msomaji makini atauliza: kwa nini nukta za jina la jarida zimegeuzwa kuwa vistari? Jibu limo katika vyeti vya usalama. Mawasiliano ya siri baina ya kivinjari na seva hutegemea cheti kinachothibitisha jina la seva. Tarishi hubeba cheti chenye alama ya nyota mbele ya jina lake, maana yake “jina lolote mbele ya proksi.chuo.example”. Lakini kwa kanuni, nyota hiyo husimama badala ya kipande kimoja tu cha jina, yaani kile kilicho kati ya nukta na nukta. Kama nukta za jarida zingeachwa, kungekuwa na vipande vitatu mbele ya jina la tarishi, na cheti kisingefaa. Vistari hulifanya jina lote la jarida kuwa kipande kimoja.

Orodha ya nyumba zinazoruhusiwa

Tarishi haendi kila mahali anapotumwa. Hubeba orodha ya tovuti alizoruhusiwa kuziingia, iliyoandikwa na mkutubi katika faili la mipangilio. Bila orodha hiyo, mtu yeyote mwenye neno la siri angeweza kumtumia tarishi kufanya uovu popote duniani kwa jina la chuo.

Hapa ndipo penye chanzo cha hitilafu nyingi. Zamani ukurasa wa jarida ulitoka katika kompyuta moja. Ukurasa wa leo hukusanywa kutoka sehemu nyingi: maandishi hutoka kwa mchapishaji, picha hutoka katika ghala la kampuni nyingine, programu ndogo zinazoendesha vitufe hutoka kwa kampuni ya tatu, na faili la makala lenyewe pengine hutunzwa kwa kampuni ya nne. Hizi ndizo tovuti za watu wengine, ambazo mchapishaji huzibadili apendavyo, mara nyingi bila maktaba kupata habari.

Tarishi akikutana na kiungo kinachoelekea tovuti iliyomo katika orodha, hukiandika upya. Akikutana na tovuti asiyoijua, hukiacha kama kilivyo. Msomaji akikibonyeza, anatoka mikononi mwa tarishi bila kujua, na anafika ghalani akiwa peke yake, hana sare. Mlinzi wa ghala anamwambia: lipa.

Hiyo ndiyo habari ya mwalimu wetu wa nyanda za juu. Ukurasa wa muhtasari uliletwa na tarishi, ndiyo maana ulikuwa na jina la chuo. Lakini faili la makala lilikuwa limehamishiwa ghala lenye jina jipya, ambalo halikuwamo katika orodha. Na kwa nini makala ilifunguka alipokuwa chuoni? Kwa sababu pale hakumhitaji tarishi. Kompyuta za chuo zina sare zao wenyewe, na ghala lolote la mchapishaji lingezitambua. Huenda hitilafu ilikuwapo tangu wakati ule, wala hakuna mtu ndani ya chuo ambaye angeweza kuiona.

Dalili na maana zake

Daktari hasemi tu kwamba mgonjwa “anaumwa”, hutazama dalili. Vivyo hivyo, maneno “haifunguki” hayatoshi. Zifuatazo ni dalili zinazotokea mara kwa mara, na mahali ambapo kila moja huelekeza.

1. Tarishi mwenyewe anatoa ujumbe kwamba tovuti haijaidhinishwa. Mtumiaji amempa tarishi jina lisilomo katika orodha. Hii ni hitilafu nyepesi kuliko zote, kwa sababu ujumbe wenyewe kwa kawaida hutaja jina linalokosekana.

2. Ukurasa wa kwanza unafunguka, lakini makala kamili inadai malipo. Mtumiaji atazame sehemu ya anwani juu ya kivinjari. Kama jina la tarishi limetoweka, basi ametoka mikononi mwake njiani. Kama jina bado lipo, tatizo liko kwa mchapishaji au katika mkataba wa chuo.

3. Maandishi yanaonekana lakini picha hazipo, au vitufe havifanyi kazi. Mara nyingi baadhi ya tovuti za watu wengine hazimo katika orodha. Wakati mwingine kiungo hakiandikwi katika ukurasa, bali huundwa na programu ndogo baada ya ukurasa kufika katika kivinjari. Tarishi hakukiona, basi hakuweza kukiandika upya.

4. Kivinjari kinaonya kwamba mawasiliano si salama. Huenda muda wa cheti cha tarishi umekwisha, au cheti hakifunikii jina linalotumika. Lakini kabla ya kumlaumu mkutubi, mtumiaji atazame tarehe na saa ya kompyuta yake. Kompyuta ambayo betri yake ya ndani imekufa huweza kurudi miaka mingi nyuma, ikadhani kwamba cheti halali bado hakijaanza kutumika.

5. Mtumiaji anaingia kwa neno la siri, kisha anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia, tena na tena. Baada ya kumtambua mtu, tarishi humwachia katika kivinjari alama ndogo ya kumkumbukia, iitwayo kidakuzi. Kivinjari kikizuia vidakuzi, tarishi humsahau mtu huyo kila mara anapopiga hatua.

6. Mchapishaji anakataa kabisa, na msimbo 403 unaonekana. Msimbo huo maana yake ni “ombi limeeleweka, lakini limekataliwa”, tofauti na 404 ambao maana yake ni “kitu hakikuonekana”. Huenda anwani ya tarishi imebadilika na mchapishaji hakuarifiwa. Au huenda mchapishaji ameifunga kwa makusudi, baada ya kuona makala nyingi mno zikipakuliwa kwa muda mfupi.

Dalili hiyo ya mwisho yastahili kutiliwa mkazo. Kwa kuwa wasomaji wote walio nje hutoka kwa anwani moja ya tarishi, kosa la mmoja huwaangukia wote. Mwanafunzi akimpa mtu mwingine neno lake la siri, na mtu huyo akalitumia kuchota majarida kwa programu, mchapishaji hawezi kumfunga yeye peke yake. Humfunga tarishi, na chuo kizima kikakosa jarida. Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Kubadili jambo moja kwa wakati mmoja

Dalili huelekeza, lakini jaribio ndilo lithibitishalo. Kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa katika maabara kwamba anayetaka kujua kama mwanga huathiri ukuaji wa mche, habadili mwanga na maji na udongo kwa pamoja. Hubadili mwanga tu, na mengine huyaacha sawa. Kanuni hiyo ndiyo silaha kuu ya mtafuta hitilafu.

Majaribio manne yatosha kuligawa tatizo katika sehemu zake.

Jaribio la kwanza: makala ifunguliwe ndani ya chuo, bila kupitia kwa tarishi. Ikikataa, tarishi hana hatia. Pengine mkataba umekwisha, au orodha ya anwani za chuo aliyo nayo mchapishaji imepitwa na wakati, au tovuti ya mchapishaji yenyewe imeharibika.

Jaribio la pili: makala hiyo hiyo ifunguliwe kutoka nje ya chuo, kwa kupitia kwa tarishi. Ikiwa la kwanza limefaulu na hili limeshindikana, hitilafu iko kwa tarishi, au kati yake na mchapishaji, au katika kifaa cha mtumiaji.

Jaribio la tatu: kutoka nje, kwa kupitia kwa tarishi, lifunguliwe jarida la mchapishaji mwingine. Likifunguka, tarishi yu mzima na mtumiaji ametambuliwa. Hitilafu inahusu mchapishaji wa kwanza peke yake. Likikataa nalo, basi ni tarishi mwenyewe, cheti chake, au kifaa na akaunti ya mtumiaji.

Jaribio la nne: mtu mwingine, kwa kompyuta nyingine iliyo nje ya chuo, ajaribu makala ile ile kwa kupitia kwa tarishi. Akifaulu, kinachotafutwa kimo katika kifaa au akaunti ya mtumiaji wa kwanza. Akishindwa kwa namna ile ile, mtumiaji aachwe apumzike. Kazi ni ya maktaba.

Majaribio haya hayahitaji ujuzi wa kuandika programu. Yanahitaji utaratibu na kalamu ya kuandikia matokeo.

Mtego wa “mbona hapa kwetu inafunguka”

Katika jaribio la pili na la tatu maneno “kutoka nje” ni ya lazima, na hapa ndipo wengi huteleza. Maktaba nyingi humpa tarishi amri kwamba mtu akija kutoka anwani ya chuo, asihangaike naye, bali amwelekeze moja kwa moja kwa mchapishaji. Amri hiyo ni ya busara, kwa kuwa huipunguzia seva mzigo. Lakini matokeo yake ni kwamba mkutubi aliye ofisini akibonyeza kiungo cha tarishi, hapitii kwa tarishi hata kidogo. Anadhani amempima tarishi, kumbe amejipima mwenyewe.

Mkutubi wa mfano wetu aliingia katika mtego huo. Angezima mtandao wa ofisi na kutumia intaneti ya simu yake, angeona sawasawa kile alichokiona mwalimu. Ni fundisho linalofaa zaidi ya maktaba: kipimo ambacho hakipiti katika sehemu inayoshukiwa hakithibitishi chochote juu ya sehemu hiyo.

Mtego mwingine ni wa anwani. Mtumiaji akitazama anwani ya kompyuta yake nyumbani, huenda akaona namba zinazoanza na 192.168. Hizo ni anwani za ndani, zilizotengwa kwa matumizi ya majumbani na maofisini. Maelfu kwa maelfu ya vifaa duniani hutumia zile zile kwa wakati mmoja. Mchapishaji haoni namba hiyo, bali huona anwani ya nje ambayo kampuni ya mtandao huitumia kwa niaba ya wateja wake. Anayelinganisha anwani lazima ajue ni ipi anayoilinganisha.

Ponya yake

Baada ya hitilafu kupatikana mahali pake, dawa mara nyingi ni fupi kuliko uchunguzi. Katika mfano wa mwalimu, mkutubi aliyeko nje ya chuo anaufungua ukurasa wa muhtasari kwa kupitia kwa tarishi, kisha anasogeza kiashirio juu ya kitufe cha kupakua bila kukibonyeza. Chini ya kivinjari linatokea jina la ghala jipya, bila jina la tarishi nyuma yake. Anaongeza mstari mmoja wenye jina hilo katika fungu la mipangilio la mchapishaji huyo. Kisha anaizima seva na kuiwasha upya, kwa sababu programu ya namna hii husoma faili lake la mipangilio inapoanza kazi tu. Mstari ulioongezwa bila kuiwasha upya ni sawa na barua isiyotiwa posta. Mwisho anarudia jaribio la pili kutoka nje. Jaribio la mwisho lisiachwe kamwe: hitilafu haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka kitendo kilichoshindikana kifaulu katika hali ile ile.

Mkutubi hatakiwi kuongeza majina ovyo kwa matumaini kwamba moja litafaa. Kila jina lililomo katika orodha ni mlango ambao tarishi anaweza kuuingia akiwa na sare ya chuo. Orodha ndefu isiyo na sababu ni hatari kama orodha fupi ilivyo usumbufu.

Taarifa iliyo kamili

Mtumiaji naye ana wajibu wake. Taarifa isemayo “majarida hayafunguki” humlazimisha mkutubi kuanza gizani. Taarifa nzuri hutaja mambo matano: alikuwa wapi na kwa mtandao upi, saa na tarehe ya tukio, anwani nzima iliyokuwa juu ya kivinjari wakati wa kukwama, maneno kamili ya ujumbe uliotokea, na hatua alizopita kabla ya kufika hapo. Saa ina umuhimu wa pekee, kwa sababu seva huandika katika daftari lake kila ombi na wakati wake. Bila saa, mkutubi atatafuta sindano baharini. Neno la siri lisitajwe kamwe katika taarifa, hata kwa anayedai kuwa fundi.

Kuna tahadhari nyingine. Tarishi hupokea neno la siri la msomaji na huona kila ukurasa anaousoma. Kwa hiyo msomaji ahakikishe, kabla ya kuandika neno lake, kwamba jina lililo juu ya kivinjari ni la chuo chake kweli, wala si jina linalofanana nalo. Walaghai hutengeneza kurasa za kuingilia zinazofanana na za maktaba ili kuiba maneno ya siri. Maktaba nazo zina wajibu wa kuyatunza madaftari ya seva kwa siri, na kutoyaweka kwa muda mrefu kupita haja.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo ya mafundi. La hasha. Julai 2009 kebo ya SEACOM, inayogusa Mombasa na Dar es Salaam, ilianza kazi, na mawasiliano ambayo hapo awali yalitegemea sana setilaiti yakapata njia ya baharini. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji lilikuwa limeanzisha mpango wa HINARI ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zipate majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu, na mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo likafuata kwa mpango wa AGORA. Kebo imefika, majarida yamefunguliwa, ada zimelipwa. Lakini mstari mmoja ukikosekana katika faili moja, msomaji wa mwisho katika mnyororo huo hapati kitu. Hali yake haitofautiani na ya mtu ambaye hakuna chochote kilichofanywa kwa ajili yake.

Ubaya zaidi ni kwamba msomaji huyo mara nyingi hunyamaza. Hudhani kwamba chuo hakijalipia, au kwamba yeye ndiye asiyejua kompyuta. Huandika insha yake bila ile makala, au hutoa fedha za mshahara wake kununua kitu ambacho tayari kimenunuliwa kwa ajili yake. Hitilafu isiyotajwa haimo katika hesabu za mtu yeyote.

Njia nyingine zinaendelea kuenea. Katika baadhi ya tovuti mchapishaji humwelekeza msomaji kwenye ukurasa wa chuo chake ili athibitishwe huko, kisha humpokea kwa uthibitisho huo bila kutazama anwani. Majarida mengine hutolewa wazi kwa watu wote, na kwa hayo tarishi hana kazi. Hata hivyo seva za proksi zingali zinatumika katika maktaba nyingi, na kila njia mpya huja na milango yake ya kukwama. Majina ya vyombo yatabadilika. Utaratibu wa kutazama dalili, kubadili jambo moja, kuandika matokeo na kurudia jaribio hautabadilika.

Zoezi kwa wanafunzi

Mwanafunzi aliye nyumbani anashindwa kufungua jarida A kwa kupitia kwa tarishi, lakini jarida B la mchapishaji mwingine linafunguka. Rafiki yake aliye katika mji mwingine, nje ya chuo, naye anashindwa kulifungua jarida A kwa namna ile ile. Ndani ya chuo, bila tarishi, jarida A linafunguka.

(a) Ni sehemu zipi ambazo sasa zimethibitika kuwa hazina hatia? Toa sababu kwa kila moja.

(b) Taja mambo mawili ambayo bado yanashukiwa, na ueleze jaribio moja litakaloyatenganisha.

(c) Mkutubi anasema amejaribu kiungo cha tarishi akiwa ofisini na jarida A limefunguka. Je, matokeo hayo yanabadili jibu la (b)? Eleza.